GURUDUMU NJE YA BARABARA: UDONGO WA TSAVO NA KAZI YETU

(Hotuba iliyosomwa na mfanya kazi wa idara ya njia ya reli katika mkutano wa wafanya kazi, Mata)



Kamati ya tawi imetuagiza tuseme machache juu ya jambo ambalo wengine wataona si jambo la chama cha wafanya kazi. Jambo lenyewe ni magari yanayoacha barabara ndani ya mbuga za wanyama, na madhara yake kwa udongo. Najua wapo watakaouliza: Udongo una nini na mshahara? Twawaomba mtuvumilie. Twataka kueleza mambo matatu: kwanza, gurudumu huufanya nini udongo, pili, hasara yake humwangukia nani, tatu, chama kifanye nini.

I. REJEA KAZI YA TUTA

Ndugu, sisi watu wa njia twaujua udongo kwa mikono yetu. Kabla reli haijalazwa, sharti lijengwe tuta. Udongo humwagwa tabaka kwa tabaka, hunyunyiziwa maji kiasi, kisha rola hupitishwa juu yake mpaka uwe mgumu. Kwa nini twafanya hivyo? Ni kwa sababu udongo wa kawaida haukujaa. Ukichota ndoo moja ya udongo mzuri wa shambani, karibu nusu ya ndoo hiyo si udongo, bali ni nafasi ndogo ndogo zenye hewa na maji. Rola huzibana nafasi hizo. Zikiisha kubanwa, maji hayaingii kwa wepesi, mizizi hushindwa kupenya, na wadudu wa ardhini hawana pa kukaa.

Kwa tuta hayo ni sawa kabisa. Twataka tuta lisilonywa maji na lisilodidimia treni ikipita. Hata nyasi zikiota katikati ya kokoto, kazi ya gengi ni kuzing'oa.

Sasa tazameni gari la watalii. Likiwa na dereva, abiria, mafuta na mizigo, uzito wake hufika tani tatu hivi. Likiacha barabara na kupita juu ya nyasi, hufanya kazi ile ile ya rola, ila hufanya mahali pasipotakiwa. Hujenga tuta pale palipokuwa malisho.

Kazi yetu yatufundisha mambo mawili zaidi. La kwanza, udongo mkavu sana haushindiliki vizuri, na ndiyo maana tukaunyunyizia maji. Kwa hiyo gari linaloacha barabara baada ya mvua hudhuru kupita lile la wakati wa kiangazi. Tena wakati huo wa mvua ndipo barabara yenyewe huwa na matope, na dereva huona afadhali apite pembeni. Mwenziwe naye akikuta pale pembeni pameharibika, hupita pembeni ya pembeni. Mwisho barabara moja huwa tano, na kila moja ni mbaya.

La pili, sehemu kubwa ya kazi ya rola hufanywa na mapito ya kwanza. Mapito ya baadaye huongeza kidogo kidogo tu. Wataalamu wa udongo wamelipima jambo hili katika nchi nyingi, nao wameona kwamba ndivyo ilivyo kwa magari pia. Basi dereva asemaye, "Mimi napita mara moja tu," ajue kwamba ile mara moja ndiyo yenye kudhuru sana.

II. HESABU YA EKARI

Tufanye hesabu ya darasani. Tairi la gari kubwa la mbugani lina upana wa sentimita 25 hivi. Matairi ya kulia huacha mstari mmoja, na ya kushoto mstari mmoja. Jumla ni sentimita 50, yaani nusu mita. Gari likienda kilomita moja nje ya barabara, limeshindilia mita za mraba 500. Likienda kilomita nane, limeshindilia mita za mraba 4,000. Hiyo ni kama ekari moja ya malisho.

Kilomita nane si nyingi kwa siku moja ya kutafuta simba. Kama magari kumi yameitana kwa redio, na kila moja limekwenda kilomita nane kwa njia yake, zimeondoka ekari kumi. Haba na haba hujaza kibaba.

Mwingine atasema kwamba mbuga ni kubwa. Ni kweli. Mbuga ya Tsavo ilitangazwa mwaka 1948, kisha ikagawanywa kuwa Mashariki na Magharibi, na reli ya Mombasa pamoja na barabara kuu zikawa kama mpaka. Mbuga zote mbili zina karibu kilomita za mraba 21,000. Lakini magari hayatawanyiki katika kilomita hizo zote. Huenda walipo wanyama, na wanyama huwa penye maji na nyasi nzuri: kando ya mto Galana, karibu na bwawa la Aruba, na huku kwetu kando ya Ziwa Jipe. Basi madhara hayaangukii nyika kavu isiyo na kitu, bali mahali pale pale wanyama wanapopategemea kwa uhai wao.

III. MAJI YAKIPEWA NJIA

Udongo ulioshindiliwa haunywi maji vizuri. Mvua ikinyesha, maji hukaa juu, kisha huanza kutembea. Na alama mbili za matairi ni mifereji miwili iliyokwisha chimbwa tayari. Ikiwa imeelekea mteremkoni, maji huifuata, hupata mbio, huchukua udongo wa juu wenye rutuba, na msimu kwa msimu ule mfereji huwa korongo. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kila mtu wa gengi anajua kwamba adui wa njia ni maji. Ndiyo maana twachimba mitaro, twazibua makalvati, wala haturuhusu maji yatembee sambamba na reli kwa mwendo mrefu. Maji yasiyozama ardhini huja mtoni yote pamoja na kwa ghafula. Mwezi wa Januari mwaka 1993 mafuriko yaliharibu daraja la Ngai Ndethya, upande wa Mtito Andei, na treni ya abiria iliyotoka Mombasa ikatumbukia, wakafa watu zaidi ya 100. Hatusemi kwamba magari ya watalii yaliyaleta mafuriko yale, la. Twasema kwamba sisi wa reli tuna sababu kuliko watu wote ya kutaka nchi ya Tsavo iendelee kunywa mvua yake.

Mwenye kutaka kujua udongo ukichukuliwa na maji huenda wapi, na awaulize wavuvi wa Jipe. Mto Lumi hushuka kutoka upande wa Kilimanjaro ukaingia ziwani, nao huleta udongo wa miteremko na wa mashamba. Ziwa limejaa tope, magugu yamesonga mbele, na mahali palipokuwa maji ya kupiga kasia pamekuwa matete. Udongo ule haukupotea. Ulitoka mahali ulipokuwa mali ukaenda mahali ulipokuwa hasara. Jambo kama hilo laweza kutokea ndani ya mbuga pia, kwa kila mteremko uliokwaruzwa na magurudumu.

Tena liko jambo jingine lisiloonekana upesi. Katika nchi kavu nyingi za dunia, juu ya udongo kuna ngozi nyembamba ya vimea vidogo mno. Ngozi hiyo huushika udongo usipeperuke, nayo huutia nguvu. Gurudumu huivunja kama mtu avunjavyo ganda la yai. Ikivunjika, upepo hupata kazi. Nyote mmeliona vumbi jekundu la Voi. Vumbi hilo ni udongo unaohama.

IV. ARDHI HAISAHAU UPESI

Watu hudanganyika kwa sababu nyasi huota tena. Baada ya mvua mbili majani hufunika alama, na dereva hudhani ya kuwa nchi imepona. Lakini chini ya majani udongo ungali umebanwa, na ukame ukija, mistari ile ndiyo itakayokauka kwanza.

Tunao ushahidi karibu na nyumbani. Reli ya kutoka Voi kuja huku Taveta ilianza kutandikwa mwaka 1915 kwa ajili ya vita vya Waingereza na Wajerumani. Huko Maktau na katika kilima cha Salaita, ambako palipiganwa tarehe 12 Februari 1916, mahandaki ya askari yangali yaonekana hata leo. Zaidi ya miaka 100 imepita, na nchi yetu kavu haijaweza kuyafuta makovu yale.

Na tuvuke bahari kidogo. Mwaka 1942 jeshi la Marekani lilianza kufanya mazoezi ya vifaru katika jangwa la Mojave, California, chini ya Jenerali Patton. Vita viliisha, askari wakaenda zao, lakini alama za magari yale zilionekana jangwani kwa miongo mingi baadaye. Mahali penye mvua nyingi, mizizi na wadudu huulegeza udongo mapema. Mahali penye mvua haba kama kwetu, kazi hiyo ni ya pole pole mno.

Hapa Kenya wengine walikwisha kuyaona haya. Amboseli, iliyofanywa mbuga ya taifa mwaka 1974, ina udongo mwepesi uliotokana na majivu ya mlima wa moto. Magari yalipotangatanga humo, mavumbi yalijaa na nyanda zikachorwa mistari. Maasai Mara nako, mtafiti mmoja aitwaye Onyeanusi alipitisha gari juu ya nyasi kwa makusudi ili apime hasara, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1986. Basi jambo hili halikuzuka jana. Lina umri kuliko wengi wetu tulioketi hapa.

V. NA NDOVU JE?

Tulipokuwa tukizungumza katika kamati, mwenzetu mmoja aliuliza swali zuri. Alisema, ndovu mkubwa ana uzito wa tani tano au zaidi, kupita gari. Mbona yeye hashtakiwi?

Jibu ni hili. Mguu wa ndovu ni mpana na una mto laini chini yake. Ndovu huinua mguu na kuuweka. Hauburuti, hausereresheki, haupigi breki. Gurudumu husokota udongo linapokata kona, huuchimba linapokwama, na huacha mfereji usiokatika. Kweli ndovu nao wana njia zao, na njia hizo ni ngumu. Lakini ndovu hurudisha kwa upande mwingine. Mavi yake huzikwa ardhini na mende wa mavi, na wale mende wakichimba hufungua udongo, hewa na maji yakaingia. Gari halirudishi kitu.

Wako na wafugaji wa hapa Mata wenye swali lao. Wao huambiwa wasiingize ng'ombe mbugani, maana kwato huharibu malisho, na wakikamatwa hutozwa. Huuliza kama sheria ile ile yalijua na gurudumu. Swali hilo ni la haki. Sheria ya mbuga za taifa za Kenya ni wazi: gari likae katika barabara zilizowekwa, na mwendo usizidi kilomita 40 kwa saa. Haifai sheria imshike mchungaji kwa nguvu na kumshika mgeni kwa ulegevu.

VI. HASARA NI YA NANI?

Sasa twaja kwa mshahara.

Nyasi zikipungua, wanyama hufa ama huhama. Katika ukame wa miaka ya 1970 na 1971 maelfu ya ndovu walikufa Tsavo kwa kukosa chakula. Mwaka 2022 Wizara ya Utalii ilitangaza kwamba ndovu 205 walikufa kwa ukame nchini kati ya Februari na Oktoba, na Tsavo ilikuwa mahali pamoja palipoumia sana. Ukame ule haukuletwa na magari. Lakini kila ekari tuliyoishindilia bure ni ekari moja pungufu siku ya njaa.

Na wanyama wakipungua, wa kwanza kuumia si mwenye kampuni. Mlikwisha kuonja mwaka 2020, wageni walipokosa kuja kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Mpishi, mfua nguo, dereva, mlinzi wa lango, mama auzaye ndizi kituoni, wote walirudi nyumbani mikono mitupu. Mwenye mtaji huweza kuuhamishia mahali pengine. Mwenye koleo hana pengine.

Kwa hiyo twauliza: ni nani hulitoa gari barabarani? Watu husema ni dereva. Ndiyo, mikono ya dereva ndiyo yenye usukani. Lakini nyuma yake ameketi mgeni aliyelipa fedha nyingi, anataka picha ya chui kwa karibu. Bakshishi iko mfukoni mwa mgeni huyo, na mara nyingi bakshishi ndiyo inayojaza pengo la mshahara mdogo. Huko ofisini yuko bwana asemaye, "Mgeni akinung'unika usije kesho." Askari wa wanyama wakilikamata gari, faini huandikwa kwa jina la dereva. Twawajua madereva, hatutawataja wala kuwataja mabwana zao, waliokatwa faini hiyo katika mshahara wa mwezi, hali amri ilitoka juu. Dereva akitii amri, hutozwa. Akikataa, hufukuzwa. Mambo ya namna hii ndiyo yaliyofanya wafanya kazi waunde vyama.

VII. CHAMA KIFANYE NINI

Twaleta mbele ya mkutano mapendekezo haya, myajadili na kuyapigia kura.

Kwanza. Katika kila mapatano na waajiri wa magari ya watalii, liandikwe neno hili: dereva anayekataa kuacha barabara mbugani hatafukuzwa, hatakatwa mshahara, wala hatanyimwa safari. Na mgeni aelezwe sheria hiyo na kampuni kabla ya kupanda gari, si dereva aachiwe ugomvi peke yake porini.

Pili. Faini ya kosa lililoamriwa na mwajiri ilipwe na mwajiri. Dereva aliyeacha barabara kwa tamaa yake mwenyewe, chama kisimtetee.

Tatu. Mshahara wa dereva utoshe pasipo bakshishi. Mtu mwenye njaa hawezi kumwambia tajiri hapana.

Nne. Barabara za mbugani zitengenezwe. Madereva wengi huacha barabara kwa sababu barabara imekufa: mitaro imeziba, matuta ya changarawe yameisha, maji yamesimama katikati. Yaajiriwe magengi ya kudumu kutoka vijiji vya Mata, Jipe, Maktau na kwingineko. Kazi hiyo twaijua, na vijana wetu wanaitafuta. Barabara moja iliyo nzuri ni udongo mdogo uliotolewa ili udongo mwingi usalimike.

Tano. Sisi wa reli tuanze na magari ya kazi yetu wenyewe, pamoja na ya wakandarasi. Njia yetu ya zamani ya Taveta yapita ndani ya Tsavo Magharibi. Gari la kupeleka mataruma au vyuma lishike barabara ya huduma, lisifungue njia ya mkato kichakani. Vijana wa pikipiki nao waambiwe vivyo hivyo. Pikipiki ni nyepesi, lakini gurudumu lake ni jembamba, nalo hukata kama kisu.

Sita. Njia zilizokwisha kufunguliwa bila ruhusa zifungwe, kwa shauri na wasimamizi wa mbuga. Kuziba njia si kazi ngumu. Hukatwa matawi ya miiba na kulazwa mdomoni mwa njia ili dereva asiione. Penye udongo mgumu hupigwa sururu usilegee juu tu bali mpaka ufunguke. Penye mteremko hupangwa mawe kukingama, maji yasipate mbio, na nyuma ya mawe udongo na mbegu hukusanyika. Baada ya hapo huachwa. Mvua, mchwa na mende watamaliza kazi iliyobaki, kwa miaka yao, si yetu.

Twajua wako watakaosema kwamba askari wa wanyama wenyewe huacha barabara. Wakimfuata jangili au wakimwokoa mnyama aliyenaswa, hiyo ni kazi yao, na gari la zimamoto nalo halingoji taa. Lakini hata wao, penye barabara, yafaa watumie barabara.

Ndugu wanachama, chama chetu kimezoea kudai vitu vinavyohesabika: shilingi, saa, siku za likizo. Leo twakiomba kidai kitu kilicho chini ya miguu. Mwajiri akiwaambia kwamba mambo ya udongo si ya wafanya kazi, mwulizeni ni nani atakayekaa hapa Mata siku ambayo mbuga haina nyasi.

Bwana Mwenyekiti, mapendekezo ni sita. Twaomba yasomwe moja moja, na madereva wapewe nafasi ya kusema kwanza, maana shingo zilizo hatarini ni zao.